Bibi Alifariki Aya ya Pili

Usiku wa kuamkia leo niliota nipo kwenye msiba wa bibi yangu, na marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa akigawa kahawa.

Kabla sijafika huko, niseme nililala na nini kichwani, msije mkadhani nilivimbiwa. Mimi ni Salha, nimemaliza kidato cha sita hapa Tanga, na tangu nikiwa darasa la tatu mtaa mzima unaniita Daktari, kwa sababu siku moja nilimtoa jirani mwiba mguuni. Toka hapo watu wazima na akili zao hunisimamisha njiani wakanitolea ndimi nizikague. Sasa nataka kwenda Marekani kusomea udaktari. Nasema "kusomea udaktari" ili mtaa uelewe. Kwa kweli kule huanzi na udaktari. Unasoma kwanza chuo miaka minne, na ukimaliza ndipo unaruhusiwa kuomba kusomea udaktari. Kwa hiyo ninachokwenda kusomea ni kuomba. Nilipomweleza Bibi alinitazama kwa huruma, akauliza kama huko Marekani watu hawaugui.

Wana mpango wao unaitwa ombi la mapema. Unachagua chuo kimoja tu, unakiapia kwamba kikikukubali utakwenda hapo hapo na hutatupa jicho kwingine. Faida yake ni kwamba chuo kinakuonea huruma zaidi kidogo kuliko siku za kawaida. Mwisho wa kutuma ni leo. Mwalimu Shekigenda, anayewasaidia vijana wenye hamu ya kwenda ng'ambo, aliniletea vyuo vitatu, na jana tulishinda mchana kutwa tukishindwa kuchagua. Tulichoafikiana ni insha peke yake.

Insha inauliza kwa nini unataka kuwa daktari. Jibu langu ni mguu wa Bibi. Bi Nyamvula, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Ana kisukari na kidonda kisiginoni, na mimi ndiye ninayekiosha kila asubuhi. Niliandika hivyo. Mwalimu akasoma, akavua miwani, akasema, "Kidonda hakitoshi, binti yangu. Bibi akibaki hai, insha inakosa mwisho."

Basi nikamuua. Nilimuua kwa Kiingereza safi, aya ya pili, mikononi mwangu, mvua ikinyesha. Mwalimu alisoma akafuta machozi. Nikafunika kompyuta nikaenda kulala bila kutuma, maana chuo cha kuipelekea kilikuwa bado hakijapatikana.

Ndotoni, turubai limefungwa mbele ya nyumba yetu, barabara ya nane, Ngamiani. Watu wamekaa kwenye mikeka. Bibi anapita katikati yao na birika, amejifunga kanga zake mbili, anachechemea. Nimekaa upande wa wafiwa, na kila anayenipita ananipa pole na kunionyesha ulimi.

"Bibi, si umekufa?" namuuliza anaponifikia.

"Nimekufa, mke mwenzangu," anasema. Huniita hivyo tangu nizaliwe, kwa ule utani wa bibi na mjukuu wake wa kike. "Nimekufa aya ya pili. Lakini watu wamekuja na hakuna aliyewawekea hata maji jikoni. Ningefanyaje?"

"Nisamehe."

"Kufa si neno. Mimi nina swali la aya ya kwanza. Umeandika nilikuwa mkulima wa mihogo, naishi nyumba ya udongo kijijini. Mimi nimezaliwa barabara ya nane. Mhogo naujua ukishakaangwa."

"Mwalimu alisema shamba linasaidia."

"Na tamthilia zangu za Kituruki hukuziandika hata moja," anasema, kisha anakwenda kumjazia mtu kikombe.

Hapo ndipo inapoingia kompyuta yangu. Imevaa kanzu na koti, na kitufe chake kimoja kimeng'oka kama kilivyo siku zote. Inasimama mbele ya watu, inatoa salamu, inakohoa.

"Mtuwie radhi, tumekuja na jambo la heri juu ya jambo la huzuni," inasema. "Muda umebana. Mimi ni mshenga. Wachumba watatu wapo nje. Salha atachagua mmoja, atampelekea posa, na akikubaliwa hakuna kurudi."

"Kwani posa napeleka mimi?" nauliza. "Si wao ndio wanaoletwa na mshenga?"

"Hawa hawaposi. Unawaposa wewe, wanakuja kukukagua wewe, na wakikukataa unaandika kuwashukuru."

Wazee waliokaa karibu wanatikisa vichwa kwamba ni sawa, ndivyo ilivyo kwa wakubwa. Mshenga anatoa kamba ya katani, katani ya hapa hapa kwetu, anapiga magoti ananifunga kifundo cha mguu. Namuuliza hiyo ya nini. Ananijibu kwamba ombi la mapema linafunga, imeandikwa, na yeye hana mamlaka ya kuongeza wala kupunguza. Ncha ya pili ya kamba anaishika mkononi, akisubiri kujua ataifunga wapi.

Wachumba wanaingia. Cha kwanza ni Chuo cha Matofali Mekundu, kizee, kimeotwa na majani mpaka masikioni, kinatembea kwa kujivuta kwa sababu kina maktaba kumi na mbili mgongoni. Cha pili ni Chuo cha Theluji, kirefu, cheupe, kinadondosha maji kwenye mkeka na hakiombi radhi. Cha tatu hakitaji jina. Kinasimama mlangoni pa turubai na kuukagua mkeka.

"Karibu uketi," anakiambia Bibi.

"Mwaka huu tumepokea maombi ya mikeka mingi sana," kinasema. "Mkeka huu ni mzuri. Kwa masikitiko, hatutaweza kuukalia."

Anakiletea kahawa. Kinaikataa kahawa kwa maneno yale yale. Kinakataa kivuli, kinakataa upepo unaotoka baharini, kinamkataa paka aliyekuwa anapita zake wala hakuomba chochote. Watu wanaanza kunong'ona kwamba hicho lazima ndicho kizuri kuliko vyote. Mimi mwenyewe, nisiseme uongo, moyo unanidunda kukitaka, na sijui nakitakia nini.

Najikaza nauliza swali la maana. "Nikija kwenu, nitakuwa daktari?"

"Kwetu," kinadakia Chuo cha Theluji, "karibu wanafunzi wetu wote wanaoomba kusomea udaktari hupokelewa."

"Karibu wote?"

"Njoo uone."

Nikigeuka, turubai halipo tena na mimi nipo kwenye maabara kubwa ya kemia. Tupo mamia, tumevaa makoti meupe, na sote tumesimama ndani ya chujio la chai. Profesa mmoja mwenye mikono minene ameshika mpini, analitikisa taratibu huku anasoma gazeti. Kila akitikisa, watu wanapenya kwenye matundu na kuanguka chini bila kelele. Binti aliye karibu nami ananiambia anaitwa nani, anakotoka, na kwamba amekuwa akitaka udaktari tangu utotoni. Kabla sijampa jina langu ameshapenya.

"Wanakwenda wapi?" nauliza.

"Kusomea uchumi," anasema profesa bila kuinua macho.

Anaacha kutikisa. Kwenye chujio tumebaki wachache, tumeshikana mikono. Chuo cha Theluji kinatuonyesha kwa fahari. "Hawa ndio tutakaowaruhusu kuomba. Na karibu wote watapokelewa."

"Na wale walioanguka?"

"Wale hawakuomba. Utawahesabuje?"

Nakiri hesabu hiyo imenipita. Natafuta mlango wa maabara, naufungua, natokea tena msibani. Kamba bado iko mguuni na mshenga bado ameshika ncha yake. Mwalimu Shekigenda amefika, amevaa suti, amekaa pamoja na wachumba akiwapepea kwa kifuniko cha sufuria. Ananiita kwa mkono nije nijibu maswali.

"Marehemu aliugua nini?" kinauliza Chuo cha Matofali Mekundu.

"Kisukari."

Kinakunja uso, majani yanaporomoka. "Kisukari tunacho sisi wenyewe, tele. Tulitegemea kitu cha kwenu. Malaria hakuna?"

"Malaria naipata kila masika," anasema Bibi, ambaye hapendi kumwona mgeni akikosa. "Nikinywa dawa napona."

"Usiponywa?"

Mwalimu anaandika haraka: hakunywa dawa. Bibi anaanza kutetemeka kwa homa, birika linagonga kikombe. Namsogelea nimshike, kamba inanivuta nyuma.

"Na hospitali ipo umbali gani?" kinauliza Chuo cha Theluji.

"Ile pale," nasema. Bati lake linaonekana kutoka tulipo.

Wachumba wanatazamana. Unyonge niliousikia pale siwezi kuusimulia. Nimekulia karibu na hospitali, sina cha kujitetea. Chuo cha Theluji kinainuka, kinakwenda, kinaikumbatia hospitali kiunoni na kuanza kuiburuta kuelekea milimani. Wagonjwa wanatazama kupitia madirishani. Muuguzi mmoja anauliza kama zamu yake itaisha huku au kule.

"Sogeza tena kidogo," anasema Mwalimu, akipima kwa jicho. "Tena. Upande ule wa mto. Wekeni na mto."

Mto unawekwa. Sasa hospitali ni kidoa tu, na Bibi amekaa chini akipumua kwa shida. Naogopa. Naota, lakini hofu ni ile ile ya mchana.

Kile chuo kisichotaja jina kinaongea kwa mara ya kwanza tangu kilipomkataa paka. "Habari hii inavutia. Tatizo marehemu anatembea. Hatupokei insha ambayo marehemu wake anatembea."

"Atazikwa sasa hivi," anasema Mwalimu.

Jeneza linaletwa. Mshenga ananieleza utaratibu: nitachagua chuo, jeneza litafunikwa, na kifuniko kikigusa mbao, ombi limekwenda. Natazama huku na huku nikitafuta mtu wa kusema hapana. Watu wanakunywa kahawa. Na Bibi, aliyenifundisha kutembea kwenye baraza hii hii, anajiinua, anajitengeneza kanga, anapanda jenezani bila kusaidiwa na kujinyoosha.

"Bibi, shuka."

"Wenzio wanauziwa mashamba wakasome," anasema, akikunja mikono kifuani. "Mimi shamba sina, hata lile la mihogo ulinipa tu. Nina kifo changu tu. Kichukue, mama, usione haya."

Wala hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayenipa kanga yake ya akiba. Hapo nililia, ndani ya ndoto na, nadhani, hata kitandani.

"Taja chuo," anasema mshenga.

Nafungua kinywa. Najua hata nilichotaka kutaja: kile cha mlangoni, kinachokataa. Lakini mguu wa Bibi umetokeza pembeni ya jeneza, na bendeji ya jana imelowa.

"Umechelewa leo," kinasema kidonda.

Sauti yake ni ya mtu aliyekaa foleni muda mrefu. Namwambia mshenga anisubiri kidogo. Mshenga anasema muda hakuna. Namwambia basi asinisubiri, nakaa chini, nafungua bendeji. Maji ya chumvi yapo, beseni lipo, kila kitu kipo pale ninapokiwekaga. Naosha kuanzia katikati kwenda nje, nafuta, naangalia kingo kama zimebadilika rangi. Tangu ndoto ianze hilo ndilo jambo la kwanza ninalolijua.

"Kwenye insha hukunitaja," kidonda kinaendelea. "Nilikuwa aya nzima. Nimerudi kuangalia, nimekuta mvua."

"Waliniambia hutoshi."

"Nilikuwa mkubwa kama kifuniko cha chupa. Sasa je?"

Naangalia. Ni kama punje ya kunde. "Umepungua," nasema.

"Basi andika hivyo."

Wachumba wote watatu wameinama juu yetu. Chuo kisichotaja jina kinanyoosha kidole, bila kugusa. "Hicho ni nini?"

"Kidonda."

"Kitamuua?"

"Hapana. Kinapona."

"Kinapona kwa nini?"

"Naosha kila asubuhi."

Kinangoja. Kinadhani kuna zaidi. Kinamgeukia Mwalimu Shekigenda. "Haya maneno hayana mwisho."

"Nilimwambia," anasema Mwalimu kwa huzuni.

Nafunga bendeji mpya, nasimama. Nawauliza wachumba swali moja, na hili sikulipanga, lilitoka tu. "Nani kati yenu atanipokea bibi yangu akiwa hai?"

Chuo cha Matofali Mekundu kinakumbuka kwamba kina maktaba nyingine inajengwa, kinaaga. Chuo cha Theluji kinauliza kama Bibi hawezi angalau kukohoa. Bibi, ambaye bado amelala jenezani na bado hapendi kumwona mgeni akikosa, anakohoa kidogo. Kinasikiliza, kinasema hicho ni kikohozi cha kahawa, kinaondoka kikiacha mkeka umelowa. Cha tatu kinanijibu kwa adabu.

"Waombaji wenye bibi hai husubiri msimu wa kawaida," kinasema, "foleni ile, pamoja na watu wote."

Nageuka. Foleni inaanzia barabara ya nane, inapita sokoni, inapita kituo cha reli, inaingia baharini na watu wake hawajali, wanasogea mmoja mmoja na vyeti vyao wamevibeba kichwani visilowe. Mwisho wake siuoni. Nikijiunga pale, huenda nisipokelewe popote. Huenda nikabaki barabara ya nane nikikagua ndimi mpaka nizeeke. Nalijua hilo.

"Binti yangu," anasema Mwalimu, "fikiria. Ni maneno tu. Yeye hata Kiingereza hajui."

"Ndiyo maana," nasema.

Nachukua mkasi wa bendeji, nakata kamba. Katani ni ngumu, nakata mara mbili tatu, uzi kwa uzi. Mshenga anaanguka chali na ncha yake mkononi, kioo kinazima. Turubai lote linatazama, na hakuna anayepiga vigelegele. Mzee mmoja anauliza kama chakula bado kipo maana msiba umeahirishwa.

"Kipo," anasema Bibi, akiketi jenezani. "Nipeni mkono niteremke."

Nikampa mkono, nikaamka.

Ilikuwa asubuhi. Kompyuta ilikuwa mezani, haina kanzu. Niliiwasha nikaikuta insha vile vile nilivyoiacha, Bibi amekufa aya ya pili, mvua inanyesha. Kata kamba ndotoni uwezavyo, ukiamka aya ipo. Simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Shekigenda, anauliza nimechagua kipi, na kwa nini bado sijatuma, na kama najua kwamba nafasi kama hii haiji tena.

"Nachagua, Mwalimu," nikasema. Na kwa kweli sikuwa na uhakika. Mchana una njia yake ya kuifanya ndoto ionekane upuuzi. Nilijiambia mvua ile niliiandika vizuri mno, ingekuwa hasara kuifuta. Nilijiambia Bibi hatajua.

"Mke mwenzangu," Bibi akaita kutoka barazani, "njoo uuangalie huu mguu. Kanga yangu yote inanuka msiba. Kama ni hiyo dawa mpya, siitaki."

Sijabadilisha dawa. Nilitoka na beseni, nikapiga magoti mbele yake, na kabla sijagusa bendeji harufu ikanifikia, ile ya karafuu maiti ambayo hakuna nyumba inayoitumia kwa kazi nyingine zaidi ya mazishi. Nikaangalia vidole vyake vya mguu. Kati ya kidole gumba na cha pili palikuwa na pamba, imekunjwa vizuri, imesukumwa mpaka ndani, kama waoshaji wa maiti wanavyoiweka.

"Umeona nini?" akauliza.

"Uchafu tu, Bibi."

Nikaichomoa nikaificha kiganjani kabla hajaiona, nikamuosha mguu polepole, kidole kwa kidole, mpaka harufu ikaisha. Kisha nikaingia ndani nikafuta aya ya pili.